Chokaa ya Maziwa

Alhamisi, tarehe 16 Mei, saa kumi na dakika kumi alasiri, Fikrie aliingia kwenye chumba cha mtoto kuangalia kama chokaa imekauka, akaona kivuli chake ukutani hakina tumbo.

Alikuwa na mimba ya miezi saba na nusu. Jua lilikuwa limeingia kwa dirisha la magharibi na kumpiga ubavuni, na kivuli kilikuwa kimesimama wima ukutani kando yake, kimekatika vizuri kama kitu kilichochorwa. Kichwa kilikuwepo. Kitambaa cha kichwani kilikuwepo, pamoja na ncha yake iliyolegea. Mabega, shingo, viwiko, vyote. Ila pale mbele, palipotakiwa kutuna, palikuwa pamenyooka kama kwa msichana ambaye hajaolewa.

Akageukia upande wa pili. Ikawa vilevile. Akaweka kiganja juu ya tumbo, na mkono wa kivuli ukainuka ukasimama mbali na mwili. Kati ya kiganja na mwili kulibaki nafasi, na nafasi hiyo ilijaa mwanga.

Fikrie hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa amesomea kemia mjini Plovdiv, akafanya kazi miaka minne kwenye maabara ya kupima maji, na tabia ya huko haikuwa imemtoka. Alivuta kiti akakiweka juani. Kivuli cha kiti kilikuwa na miguu yake yote minne. Alichukua ndoo akaikumbatia tumboni. Kivuli cha ndoo kikaning'inia peke yake.

Hapo ndipo alipoliona doa. Ukuta mzima ulikuwa umekauka ukawa mweupe kama karatasi, isipokuwa sehemu moja, usawa wa kitovu chake, pana kama sahani, iliyokuwa bado mbichi na ikimetameta. Alisogeza pua. Ilinuka maziwa yaliyoanza kuchachuka, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya joto, tamu kidogo, ambayo ilimchukua muda kuitambua. Ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto mchanga.

*

Rangi ndiyo iliyomleta kijijini. Mimba yake ya kwanza ilitoka kwenye nyumba ya kupanga, Plovdiv, wiki ileile mwenye nyumba alipopaka kuta rangi ya dukani iliyowafanya walale na madirisha wazi. Daktari alimwambia haikuwa rangi. Fikrie alimshukuru daktari, na hakumwamini. Alipopata mimba ya pili alimwambia mumewe, Ramiz, kwamba huyu hatazaliwa kwenye chumba chenye sumu hata ya kijiko kimoja, na Ramiz, ambaye ni fundi ujenzi na aliyechoka kujenga nyumba za wengine, akamrudisha milimani Rodopi, kwenye nyumba ya mawe ya babu yake, alikokuwa akiishi mama yake, Hanife, peke yake.

Uani kulikuwa na shimo la chokaa ambayo marehemu baba mkwe aliizima kwa maji miaka mingi iliyopita akaifunika kwa mchanga. Ilikuwa imelainika kama siagi. Fikrie aliichanganya mwenyewe, amevaa glavu na miwani kwa sababu chokaa mbichi hula ngozi: chokaa, maziwa ya mbuzi yaliyoondolewa mafuta na kugandishwa, chumvi kidogo, na tone la nili ili weupe uwe weupe kweli. Ikishakauka haina mvuke wala harufu. Ukuta hupitisha unyevu, hauoti ukungu.

Mama mkwe alipinga jambo moja tu.

"Ule ukuta wa kijani uacheni," alisema Hanife. "Rangi ya mafuta hiyo. Mtoto akichafua, unapangusa na kitambaa, kwisha."

"Ile ya kijani ina madini ya risasi, mama. Nilipeleka kipande maabara."

"Haya, wasomi wangu. Mimi nimelea watatu mle ndani na hakuna aliyekufa kwa kijani."

Ramiz aliikwangua hata hivyo, amejifunga barakoa, huku Fikrie akikaa kwa dada yake kijiji cha chini. Chini ya ule ukijani kulitokea ufa uliosimama wima, na ndani ya ufa kulikuwa na uzi mwekundu wa sufu, mkavu, mfupi, wa urefu wa mtoto anayeanza kusimama. Ramiz aliutupa jikoni ukaungua.

Siku iliyofuata, Jumatano, walipaka. Ufa ulihitaji kuzibwa kwanza, na kule milimani ufa huzibwa kwa chokaa nzito iliyochanganywa na manyoya ya mbuzi ili ishikane. Manyoya yalipungua. Ramiz aliokota kibonge cha sufu nyekundu kilichobaki kwenye ufumaji wa mama yake, na kabla hajakikata akamwona Fikrie amesimama juani, kivuli cha tumbo lake kimetuna ukutani kama tikiti.

"Simama hapohapo, usitikisike. Tumpime bwana mdogo tuone kama kamrithi babu yake kitambi."

"Acha ujinga wewe, chokaa inakauka."

"Mafundi lazima tupime!" Akanyoosha uzi juu ya kivuli cha tumbo, kutoka mgongoni hadi kwenye kitovu, akaukata kwa meno. "Lo! Huyu tutamlisha na nini?" Kisha akausokota pamoja na manyoya, akausukuma ndani ya ufa, akaufunika kwa chokaa na kuulainisha kwa mwiko. Fikrie alicheka. Alicheka mpaka akashika kiuno.

*

Ramiz aliposikia habari ya kivuli alipanda ngazi akitabasamu. Alishuka hatabasamu. Hanife alikuwa chini akimenya viazi, na walipomweleza hakuuliza lolote kuhusu kivuli.

"Uliziba na nini ule ufa?" alimuuliza mwanawe.

"Chokaa na manyoya, mama. Na uzi kidogo."

"Uzi gani?"

Ramiz akamwambia. Alipofika kwenye kupima tumbo sauti yake ilishuka, kwa sababu alikuwa ameanza kuelewa alichokuwa akikisema. Hanife akaweka kiazi chini taratibu, akajifuta mikono, akaifuta tena.

"Wewe ni fundi," alisema. "Wewe, Ramiz, unayefukuza wanawake wenye watoto wasipite karibu na msingi. Siku ile ulimzungusha jirani yetu Nefise njia ya chini na kichanga chake, mvua inanyesha. Ulikuwa unamzungusha kwa nini?"

"Ni desturi tu, mama. Watu wanasema..."

"Watu wanasema nini? Mwambie mkeo."

Hanife ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, akitazama dari. Zamani nyumba iliyokataa kusimama ilipewa kivuli. Fundi humvizia mpita njia, humpima kivuli chake kwa uzi bila mwenyewe kujua, uzi hujengewa ukutani. Aliyepimwa hunyauka akafa, na nyumba husimama, kwa kuwa sasa ina mlinzi, jini lake, ambalo wazee wa pale huliita talasum. Nyumba hii ilianguka ukuta mara mbili. Mara ya tatu ilisimama, na mwaka huohuo, ng'ambo ya mto, mtoto wa mwaka mmoja alikufa bila homa wala kikohozi.

"Mama mkwe wangu alikuwa anamsikia," alisema Hanife. "Kila wakipaka chokaa, wiki nzima ukuta unalia. Ndipo alipoleta rangi ya mafuta akapiga mikono mitatu, tabaka juu ya tabaka. Ile haipitishi kitu. Akanyamaza. Miaka arobaini kanyamaza."

"Na hukutuambia," alisema Fikrie.

"Niliwaambia uacheni."

"Ulisema kwa sababu ya kupangusa!"

"Ningesema jini, ungefanyaje, mwanangu? Ungepeleka jini maabara?"

"Nilikuwa natania tu," alisema Ramiz. "Wallahi nilikuwa natania."

"Wewe ulitania. Ukuta haujui utani. Umemtoa mtoto wake, umeupa wenu."

Ramiz alipanda ngazi mbilimbili. Fikrie alimfuata akasimama mlangoni. Pale kwenye doa chokaa ilitoka kwa kidole kama malai, na ncha ya uzi mwekundu ikaonekana. Ramiz akaishika kwa kucha, akaivuta polepole, kidogo tu, upana wa ukucha.

Fikrie akapiga yowe. Alikuwa amevutwa kitovuni, kwa ndani, kama ndoano iliyonasa. Alipotazama chini kulikuwa na tone la damu kwenye ubao wa sakafu, kati ya miguu yake.

Ramiz akaachia. Uzi ukarudi ndani taratibu, wenyewe, ukiingia kama tambi inayovutwa na midomo, na ulipokwisha kulisikika mlio mdogo, mkavu, wa midomo kufumba.

*

Walitoka kwa gari kwenda hospitali ya mjini. Hilo lilikuwa wazo la Fikrie, naye alilisema kwa utulivu, akiwa amebeba kadi ya kliniki na chupa ya maji, kwani damu ni damu na damu ina mahali pake pa kupelekwa. Mtoto alikuwa akicheza walipopita msikiti. Kwenye kona ya kinu cha mbao alicheza mara moja. Baada ya daraja hakucheza tena, na tumbo likaanza kupoa, si baridi ya hofu bali baridi ya kweli, ya kushikika, ikianzia kitovuni na kutanuka kama maji yanayomwagika mezani, na kila walipokata kona tumbo lilizidi kulegea, mpaka Fikrie alipoweka mikono yote miwili akahisi kile kilichokuwa kigumu kama mkate wa siku mbili kimekuwa laini kama unga uliokosa hamira, akamshika mumewe bega bila kusema na Ramiz akageuza gari palepale, barabara nyembamba, bonde upande mmoja, gurudumu la nyuma likisaga changarawe.

Walipofika kwenye kinu cha mbao mtoto alijinyoosha. Walipoingia uani alipiga teke.

Walikaa ndani ya gari, injini imezimwa.

"Kesho nanunua rangi ya mafuta," alisema Ramiz. "Kopo kubwa. Naufunga ukuta wote, mikono mitano."

"Umfunge nani?"

"Hilo jini."

"Ramiz." Alikuwa anazungumza kama anavyomweleza mtu kipimo kilichoharibika. "Sasa hivi mle ndani kuna nani?"

Ramiz aliweka paji la uso kwenye usukani.

*

Hanife alikuwa ameshamleta Saliha, mwanamke anayetibu watu kwa kumwaga madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Kila aliyewahi kushtuka vibaya pale kijijini, mtoto aliyeumwa na mbwa au mwanamume aliyeponea chini ya mti ulioanguka, alipelekwa kwake, akafunikwa shuka, na juu ya kichwa chake risasi iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye beseni la maji, na woga ukatoka na mlio wa maji. Alikuwa mnene, mwenye ulimi mkali, na alianza kwa kumtazama Fikrie juu hadi chini.

"Wewe ndiye wa sumu? Nasikia hata sabuni unaisoma kabla ya kuitumia."

"Mvuke wa risasi ni hatari kwa mjamzito, bibi."

"Kweli. Tuache, basi? Nirudi nikakamue mbuzi?"

Fikrie akapanda chumbani kwa mtoto, akakaa kwenye kiti kando ya ukuta wenye doa, mahali alipoonyeshwa. Wakamfunika. Chini ya shuka alisikia kisomo, na mlio wa gesi, na harufu ya chuma kilichopata moto; alibana pumzi, kisha akaona aibu, akaachia, akaivuta ndani. Beseni lililia fyuu.

Alijifunua mwenyewe. Risasi ikimwagwa majini hutawanyika ikawa miiba na matundu, na Saliha husoma miiba hiyo kama mtu asomavyo sura. Safari hii haikutawanyika. Ilikuwa imelala chini ya maji, laini, nyembamba, imejikunja mara moja katikati. Ilikuwa uzi.

"Mwagia tena," alisema Ramiz.

Akamwagia tena. Ukatoka uzi wa pili, urefu uleule.

Saliha akaanza kukusanya vyombo. "Mimi natoa kitu kilichomwingia mtu. Hapa hakuna kilichomwingia. Kilichokuwa chake ndicho kilichotoka."

"Nipime mimi," alisema Hanife. "Nimekula chumvi nyingi, kivuli changu kirefu. Kiingizwe changu, cha mtoto kitoke."

"Ulishaona aliyeonjeshwa asali akarudi kwenye maganda?" alisema Saliha. "Ukuta ushaonja mtoto."

"Basi tufanye nini, bibi?" Fikrie aliuliza. "Nifanye nini mimi? Niambie kitu cha kufanya, chochote."

Saliha alimtazama, na ukali wote ulikuwa umemtoka usoni. "Usiuache ukuta ukauke," alisema. Akashuka ngazi. Hanife alikuwa ametenga kahawa. Pale hakuna anayeondoka bila kahawa, hata aje kukudai. Saliha alipita kando ya kikombe bila kukiangalia.

*

Giza lilipoingia doa lilianza kukauka pembezoni. Fikrie alihisi kabla hajaliona, kwani mtoto alipungua: mateke yakawa misukumo, misukumo ikawa kama kope zinazopepesa. Alichanganya maziwa ya mbuzi na chokaa, akapaka. Ukuta ukayanywa. Haukuyanyonya kama ukuta mkavu unavyofanya, mara moja na kote. Uliyanywa kwa mafungu, ukimeza, ukipumzika, ukimeza, na tumboni mwake mtoto akageuka.

Akapaka tena, na tena, Ramiz akishuka na kupanda na birika, Hanife akikamua mbuzi ambao walikuwa wamekwisha kukamuliwa jioni, na kila mkono wa rangi ulidumu muda mfupi kuliko uliotangulia, na mtoto aligeuka kidogo kuliko alivyogeuka mwanzo, mpaka kufika usiku wa manane maziwa yakawa yanateremka ukutani bila kunywewa, yanafika sakafuni meupe na baridi, na kutoka ndani ya mawe, kwa nyuma, kwa mbali, kama mtu anayelia kwenye chumba cha tatu ilhali nyumba ile haina chumba cha tatu, ukaanza ule mlio ambao Hanife aliusikia akiwa bi harusi na hakuwahi kumwambia mtu unafananaje, si kilio hasa, ni ile kwikwi fupifupi ya kichanga kinachotafuta, kinachozungusha kichwa huku na huku na mdomo wazi na hakipati.

"Anayakataa," alisema Hanife. Alikuwa ameziba masikio, na machozi yalipita kati ya vidole. "Ni ya mbuzi. Anajua."

"Nyamaza, mama," alisema Ramiz. "Nakuomba. Nyamaza."

Fikrie alikuwa amekaa sakafuni na mkono tumboni, akisubiri, naye alisubiri hivyo mpaka dirisha lilipobadilika rangi, na kwa muda wote huo chini ya kiganja chake hakuna kilichosogea.

Asubuhi ya Ijumaa Ramiz alizinduka ngazini, alikosinzia na birika mapajani. Kwikwi ilikuwa imekoma. Alipanda, akausukuma mlango.

Fikrie alikuwa amepiga magoti ukutani. Gauni lake lilikuwa wazi kifuani, na ziwa lake, lililokuwa limeanza kutoa matone ya kwanza ya njano, alikuwa ameligandamiza kwenye doa. Shavu lake lilikuwa jeupe kwa chokaa. Ngozi ya kifua ilikuwa imeiva, nyekundu, tayari inatoa malengelenge, na alikuwa amekunja uso kwa maumivu, lakini hakujitoa. Mkono mmoja alikuwa ameuweka juu ya mawe, anayapigapiga taratibu. Chini ya gauni, upande wa kushoto, tumbo lilituna ghafla, likarudi. Kisigino kidogo, chenye nguvu, kikapita kutoka ubavu mmoja hadi mwingine.

"Fikrie."

"Funga mlango, unaingiza baridi," alinong'ona bila kugeuka. "Ananyonya."